Kitabu Tulichokisoma Wodini Haydom

Nilivunjika paja nikiwa na miaka kumi na mmoja, wakati wa kuvuna mahindi. Tulikuwa tunarudi nyumbani kwetu Tlawi na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mabua hadi juu. Baba alikuwa amekataza mtu yeyote asipande. Mimi nikapanda. Kwenye mteremko wa kushukia kijitoni gurudumu moja liliingia korongoni, mzigo ukalala upande, nami nikaanguka mbele ya gurudumu la pili. Nakumbuka zaidi mlio wa ule mfupa kuliko maumivu yake. Baba hakunigombeza. Alivua koti lake, akalikunja chini ya kichwa changu, kisha akaanza kukimbia kwenda kutafuta gari. Hadi leo nikimkumbuka akikimbia vile, mtu mzima na mabuti yake ya shambani, nasikia aibu na upendo kwa pamoja.

Tulifika hospitali ya Haydom siku ya pili yake. Daktari alimweleza mama kwamba mfupa umepishana, kwa hiyo nitalala chali na mguu wangu utavutwa na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, mpaka mfupa ushike.

"Siku ngapi?" mama akauliza.

"Wiki sita. Pengine nane."

Nyumbani kulikuwa na mahindi yaliyobaki shambani, na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Mama alikaa nami wiki ya kwanza, kisha akanikabidhi kwa shangazi yangu aliyeolewa pale Haydom, ambaye aliniletea uji asubuhi na chakula jioni. Katikati ya uji na chakula kulikuwa na mchana mzima, na sikuwa nimewahi kujua kwamba mchana ni mrefu kiasi kile.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa, hivyo waliniweka ya wanawake, kitanda cha dirishani. Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa Katesh, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye umri wa kuwa bibi yangu lakini asiyependa kuitwa bibi. Alikuwa anakuja mnadani na mzigo wake, bodaboda ikateleza kwenye changarawe upande wa Basotu. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta kutoka unyayoni hadi juu ya goti.

"Shikamoo, mama," nilimwambia siku ile ya kwanza.

"Marahaba. Umefanywa na nini?"

"Mkokoteni."

"Mimi pikipiki," akasema. "Wewe una afadhali. Ng'ombe hawakimbii na simu sikioni."

Mama alipoondoka nililia siku mbili. Siku ya tatu yule mama wa Katesh alichoka kunisikia. Alivuta mkoba wake kutoka chini ya kitanda, akatoa kitabu kinene chenye jalada la buluu lililochanika pembeni. Alikuwa amemnunulia mjukuu wake Arusha, kwa wauza vitabu vya mitumba, kisha akaanza kukisoma mwenyewe ndani ya basi na kikamnasa. Miwani yake ilikuwa imesagika barabarani na bila miwani aliona karatasi tupu.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"La tano."

"Vizuri. Nisomee."

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua, hata mama. Nilikuwa sijui kusoma. Herufi nilizijua, na maneno mafupi kama *baba* na *kuku* niliyamudu. Lakini darasani tulikuwa wengi, tulisoma kwa pamoja kwa sauti moja, nami nilijifunza kufungua mdomo nusu sekunde baada ya wenzangu. Mwalimu akiniita peke yangu, nilikuwa nimeshakariri ukurasa kwa kusikia. Sikuwa mtoto mjinga, na labda ndiyo maana nilidumu muda mrefu bila kugundulika.

Nikapokea kile kitabu. Jalada lilikuwa na picha ya mvulana na msichana wamesimama mbele ya pango, maji yakiporomoka juu yake. Nikafungua, nikakazia macho ukurasa, nikaanza. Nilisema kulikuwa na watoto wawili waliopotelewa na mbuzi, wakamfuata hadi pangoni, na humo ndani wakamkuta chatu mwenye taji. Nilikwenda mbele kwa muda mrefu, nikigeuza kurasa kila nilipoona inafaa. Yule mama alisikiliza kwa utulivu, mikono kifuani.

Nilipomaliza akasema, "Hiyo hadithi ni nzuri. Ila siyo iliyoandikwa humo. Kurasa ishirini za mwanzo nimeshazisoma."

Sikuwa na pa kukimbilia, mguu ulikuwa umefungwa. Nilijifunika shuka usoni. Nilisubiri acheke, au aite nesi, au amwambie shangazi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Nikasikia sauti yake, ya chini, kama ya mtu anayepanga biashara.

"Herufi unazijua?"

"Ndiyo."

"Basi nitajie herufi, mimi nitakwambia neno. Tutaona tutafika wapi."

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Nilitaja, "M, c, h, o, r, a." Yeye akasema, "Mchora." Nikataja tena, akasema, "Ramani. Mchora ramani. Endelea." Siku ya kwanza tulimaliza nusu ukurasa, wote wawili tukaloa jasho. Siku ya pili nilikuta kwamba *mchora ramani* yumo tena, mara tatu, na sikuhitaji kumtaja kwa herufi. Kumbe neno ukishakutana nalo unalitambua kwa umbo, kama unavyomtambua ng'ombe wa jirani akiwa mbali kilimani. Hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo, au pengine walinieleza na mimi nikawa nafungua mdomo nusu sekunde nyuma yao.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya zamani ya ng'ambo, iliyotafsiriwa. Kaka na dada waliishi na baba yao, mchora ramani. Siku moja baba aliondoka kwenda kuchora mto usiokuwa kwenye ramani yoyote, asirudi. Watoto wakamfuata, wakapita nyuma ya maporomoko ya maji na kutokea katika nchi isiyo na mwangwi. Ukipiga kelele huko, sauti inakwenda na haikurudii, kwa sababu kuna malkia aliyekusanya miangwi yote ya nchi akaifungia kwenye mitungi ya udongo. Nilipoelewa jambo hilo, neno kwa neno, nywele zilinisimama. Kwetu, ukiita mtu kutoka upande mmoja wa bonde, bonde lenyewe linaitikia kabla yake. Nilijaribu kufikiri jinsi bonde la Tlawi litakavyokuwa likinyamaza. Usingizi ulichelewa.

Kitanda cha mkabala alilala bibi mmoja wa Kiiraqw, kutoka vijiji vya Dongobesh, aliyevunjika nyonga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Siku moja aliniuliza kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwetu, "Mjukuu wangu, kila mchana unahesabu nini?"

"Sihesabu, bibi. Nasoma hadithi."

"Kwa nini unaila peke yako?"

Kuanzia hapo, kila tulipomaliza kusoma nilimsimulia yeye kwa Kiiraqw. Ilinibidi niwe nimeelewa kila kitu, maana bibi hakukubali kupita juu juu. Swali lake la kwanza lilinishinda kabisa.

"Hawa watoto wametoka nyumbani siku ya tatu sasa. Ng'ombe wao nani anawakamua?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Muulize mwenye kitabu."

Nikamuuliza mama wa Katesh. Akafikiri kidogo. "Mwambie huko kwao hawana ng'ombe."

Nikamwambia. Bibi akatikisa kichwa. "Maskini," akasema.

Katika hadithi kulikuwa na nyegere aliyeongea, mwenye mtumbwi, aliyewavusha wale watoto mtoni. Bibi hakumpenda tangu alipoingia. Kijana wake alikuwa na mizinga, na alimjua nyegere kwa matendo. "Mwizi wa asali huyo. Waambie wasipande." Nilimweleza kwamba siwezi kuwaambia, yameshaandikwa. Kesho yake nyegere aliwaacha watoto kwenye kisiwa katikati ya mto, akaondoka na chakula chao. Niliposimulia, bibi alipiga godoro kwa kiganja, na wanawake wa vitanda vya mbali wakageuka. "Nilisema! Sikusema?" Sura tatu baadaye nyegere alirudi akiwa amejuta, akawaokoa. Mimi nilimsamehe mara moja, mama wa Katesh pia. Bibi alikataa katakata. Alisema nyegere amerudi tu kwa sababu asali imekwisha.

Wiki ya nne nilikuwa nasoma sentensi nzima bila kutaja herufi. Ijumaa ya wiki hiyo binti wa mama wa Katesh alimletea chakula, na pamoja na hotipoti akampa kijaluba cha miwani. Nilikiona kwa macho yangu. Nilijua kazi yangu imekwisha, atasoma mwenyewe kwa haraka zake, mimi nirudie dirisha.

Siku iliyofuata, baada ya madaktari kupita, alininyooshea kitabu kama kawaida. "Tuendelee. Tulimwacha msichana juu ya barafu."

Nikafikiri labda ile miwani haikumfaa. Lakini siku kama tatu baadaye niliamka kutoka usingizi wa mchana, nikamkuta amevaa miwani, anasoma yale maandishi madogo kama chawa yaliyo kwenye boksi la dawa. Alikuwa anayasoma vizuri, midomo ikienda. Aliponiona ninamtazama, aliivua taratibu, akairudisha kwenye kijaluba.

"Hii ni ya herufi ndogo tu, siyo ya kitabu," akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Hatukulizungumzia tena. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa nilichopewa. Nilipokea kitabu mkononi mwake nikasoma kurasa sita bila kusimama. Sijui kama nimewahi kusoma vizuri vile tangu siku ile.

Kisha ikafika siku ya bibi kuruhusiwa. Zilikuwa zimebaki sura mbili. Kijana wake, mwanaume mwenye watoto, alikuja kumchukua na basi la saa nane la kwenda Dongobesh. Alimfungia mizigo, akamsaidia kuvaa, akamkalisha ukingoni mwa kitanda na magongo yake. Bibi akanitazama.

"Soma," akaniambia.

"Mama, gari linaondoka," kijana akasema.

"Lisubiri."

"Gari halisubiri mtu, mama."

"Basi liende. Wale watoto wameingia nyumba ya yule mwanamke mwenye mitungi. Mimi niondoke sasa hivi, niwaache humo?"

Kijana hakujua ni watoto gani. Alinitazama mimi, akamtazama nesi aliyekuwa anapanga dawa, akakosa wa kumsaidia. Mwishowe alivua kofia yake, akakaa kwenye benchi. Nikaanza kusoma moja kwa moja kwa Kiiraqw, macho kwenye Kiswahili na mdomo kwenye Kiiraqw, kitu ambacho sikujua ninakiweza. Mama wa Katesh akalalamika. "Na mimi je? Nimelipia kitabu mimi!" Kwa hiyo nikawa nasoma sentensi kwa Kiswahili, kisha naigeuza, sentensi kwa sentensi. Wale wa vitanda vya mwisho, ambao walikuwa hawajafuatilia tangu mwanzo, waliulizana kwa kunong'ona huyu malkia ni nani, wakaelezwa kwa kunong'ona.

Tulisikia honi ya basi. Ikapigwa mara ya pili. Kijana alinyanyuka kidogo, akakaa tena, maana pale pale msichana alikuwa ameshika mtungi mmoja kati ya elfu, na ndani yake kulikuwa na sauti ya baba yake, na malkia alikuwa anamwambia achukue huo mmoja aende zake, mingine aiache.

"Asikubali," yule kijana akasema kwa sauti. Kisha akaona haya.

Msichana hakukubali. Alivunja mtungi wa kwanza, kaka yake akavunja wa pili, na sauti zote za nchi ile zikatoka kwa mpigo, vicheko vya watu waliokufa zamani, nyimbo za wavunaji, mbwa, radi, na mwisho kabisa baba akiwaita kwa majina. Nilisoma hadi neno la mwisho. Mama wa Katesh alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio bila kujificha.

Bibi akatoa uamuzi wake. "Baba yao hakutakiwa kwenda peke yake." Akajiinua kwa magongo, akaja hadi kitandani kwangu, safari ya hatua nane iliyomchukua muda. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu akaniombea kwa Kiiraqw, nizae, nivune, niwe na maneno siku zote. Usiku ule yeye na kijana wake walilala kwa shangazi yangu, wakaondoka na basi la asubuhi. Shangazi alinieleza kwamba kijana alimsumbua mama yake hadi akamsimulia hadithi yote tangu mwanzo.

Siku kumi baadaye mama wa Katesh naye aliruhusiwa. Alikusanya vitu vyake, na kitabu akakitia mkobani. Nilikifuata kwa macho. Akaona.

"Hiki ni cha mjukuu wangu," akasema. "Nilimwahidi. Siwezi kuvunja ahadi niliyompa ili nikufurahishe wewe. Chako kitakuja."

Nilikasirika, tena sana. Nilimwambia "Safari njema, mama" nikiwa nimegeukia ukuta, na hilo nimelijutia kwa miaka.

Nilirudi nyumbani kwa magongo, na mguu uliofupika kidogo, ambao hadi sasa unaniyumbisha nikitembea. Mwezi wa tatu tangu nirudi, baba alitoka Mbulu mjini na kifurushi kilichozungushiwa magazeti na kufungwa kwa kamba ya katani. Kondakta wa basi la Katesh alikuwa amekiacha kwenye duka moja sokoni. Juu kimeandikwa jina langu na jina la kijiji. Ndani mlikuwa na kitabu cha watoto wanne waliovunjikiwa na jahazi, wakaishi kwenye mlima unaotoa moto. Baba aligeuza geuza kile kitabu. "Unaweza kukisoma hiki?" Nikasoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama kwenye magongo. Baba, ambaye hakuwahi kujua kwamba sikuweza, hakuona ajabu yoyote. Alisema tu nikae, nisome taratibu, na yeye asikie. Tulikimaliza wakati wa kupukuchua mahindi, familia nzima tumezunguka rundo.

Vilikuja vingine, viwili au vitatu kwa mwaka. Mapango, visiwa, majoka, watoto waliotoka nyumbani bila kuaga. Nilipoingia sekondari kikaja cha Kiingereza, kikiwa na karatasi ndani: "Hiki kigumu. Ukikwama, nitajie herufi." Chini yake namba ya simu. Nilimpigia kwa simu ya baba kila Jumamosi muda wa mwaka mzima, na kweli nilimtajia herufi, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu. Maneno tuliyoshindwa wote wawili tuliyakisia.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda Katesh kumwona. Duka lake lilikuwa karibu na stendi, mlima Hanang ukiwa nyuma yake umejifunika mawingu. Alikuwa amenenepa na anatembea kwa fimbo. Nilimwamkia, nikaanza hotuba niliyoiandaa ndani ya basi, kwamba bila yeye nisingekuwa mtu, kwamba samahani kwa kugeukia ukuta. Alinisikiliza hadi katikati.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, mama."

"Basi hotuba baadaye."

Tulikula pilau sakafuni nyuma ya duka, yeye, binti yake na mjukuu wake, kijana mrefu aliyekiri bila wasiwasi kwamba kile kitabu cha buluu hajawahi kukimaliza kwa sababu ya mpira. Bibi yake alimtazama kwa jicho ambalo lingemtoa nyegere majini. Nilipotaka tena kuanza hotuba, mama alinikatisha kwa mkono.

"Mimi pia nilikuwa naumwa," akasema. "Mchana ulikuwa mrefu kwangu pia. Hilo hukuliwaza?"

Sikuwa nimeliwaza. Katika miaka yote ile nilijiona mimi peke yangu kitandani.

Sasa mimi ni mwalimu wa darasa la tano, katika shule iliyo kati ya Dongobesh na kwetu. Nina kabati moja la vitabu vya aina ile, vingine vimekosa jalada. Muhula uliopita mzazi mmoja alikuja shuleni amekasirika. Nilimkaribisha akae, akakataa.

"Mwalimu, binti yangu amepoteza mbuzi sita. Nilimtuma kuchunga, kumbe anasoma kitabu chako. Mbuzi hawajulikani walipo."

Nilimwomba radhi, nikamwomba mkuu wa shule ruhusa, nikaenda na yule mtoto kutafuta mbuzi. Tulipanda kilima polepole, kwa sababu ya mguu wangu. Mwanzoni alilia. Kisha nikamuuliza alikuwa amefika ukurasa gani, akanijibu, nikamuuliza ikawaje, na hapo akasahau kulia. Alinisimulia njia nzima, akisimama mbele yangu kila hadithi ilipofika penye hatari ili nisipite bila kusikia. Mbuzi tuliwakuta kwenye maharage ya jirani, wote sita, wameshiba. Mwenye maharage alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni.

"Nenda kamwambie shikamoo kwanza," nilimwambia mtoto, "halafu tuombe radhi sote."

Akaenda mbele, akiwa bado ananieleza juu ya bega lake jinsi joka lilivyofumbua jicho moja.